Mji Ukaguao Karatasi

Katika mambo yanayomchosha mkaazi wa Dar es Salaam aliyejaaliwa kiwanja na akiba kidogo ya fedha, hakuna lizungumzwalo kwa uchungu zaidi kuliko kibali cha ujenzi. Na kwa miaka yote niliyoifanya kazi ya kusanifu majumba na kuyafuatilia majalada ya wateja wangu katika halmashauri za mji huu, nimeisikia lawama moja ikirudiwa kwa ndimi mbalimbali, nayo ni kwamba kibali huchelewa. Sikanushi kuwa huchelewa. Lakini nadai leo kuwa kuchelewa huko ni taksiri ndogo kuliko ile inayofuata baada ya kibali kutoka: mji wetu huikagua karatasi kwa jicho kali, kisha huliacha jengo lenyewe liinuke pasipo jicho lolote juu yake, na maadamu hali ni hiyo, kibali kitoke kwa wiki moja au kwa miezi sita, jirani wa jengo hilo hazidishiwi salama hata chembe.

Tutazame kwanza kibali ni kitu gani. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 yamkataza mtu kuendeleza ardhi ya mji bila ya idhini ya mamlaka ya upangaji, na mwombaji wa kawaida huichukulia idhini hiyo kuwa ni kitu kimoja, ndiyo au siyo. Ukiyafungua makaratasi yanayodaiwa utaona kuwa ndani ya ombi hilo moja yamefungwa maswali yasiyo ya jinsi moja. Liko swali la milki, ambalo hujibiwa kwa hati au ofa, kwa stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi, na kwa mchoro wa mipango miji unaoonyesha kama kiwanja ni cha makazi au cha biashara. Liko swali la ujirani, yaani jengo limerudi nyuma ya mpaka kwa kiasi gani, limefunika sehemu gani ya kiwanja, shimo la maji machafu liko wapi, na gari la zimamoto litapita wapi siku ya shari. Na liko swali la uimara, kama msingi, nguzo na boriti zitastahimili mzigo zitakaotwishwa. La kwanza lahusu daftari la ardhi, la pili lamhusu mtu anayelala upande wa pili wa ukuta, la tatu lahusu roho za watu. Nami nasema bila ya kusitasita kuwa utaratibu wetu umeyapanga kinyume cha uzito wake, kwani lile la daftari ndilo lililowekwa mlangoni, na asiyeweza kulijibu hilo hasikilizwi katika mengine.

Matokeo yake si madogo. Sehemu kubwa ya wakaazi wa Dar es Salaam huishi katika mitaa iliyoota bila ya kupimwa, na huko mtu hununua ardhi kwa barua ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mashahidi na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wengine wamepata leseni ya makazi, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiruhusu, lakini muda wake ni wa miaka michache na nguvu yake haifikii ile ya hati. Mtu wa namna hii akitaka kujenga vyumba vinne vya kupangisha huambiwa dirishani kuwa mbele ya macho ya mipango miji hana kiwanja. Naye, kwa kuwa masika hayamngojei na matofali yamekwisha fyatuliwa, humwita fundi. Tangu saa hiyo nyumba yake imetoka katika daftari la ardhi, na kwa kutoka huko imetoka pia katika macho ya mhandisi, ingawa zege halina habari ya hati wala ofa, na boriti haikatiki kwa sababu mwenyewe hakupimiwa.

Nimesimama mara nyingi penye ujenzi wa namna hii, na yapasa kuueleza kwa karibu ili msomaji asidhani kuwa nazungumza juu ya wahalifu. Fundi huanza asubuhi kwa kipimo chema: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, zote kwa ndoo. Ikikaribia adhuhuri mikono imelegea, ndoo imewekwa kando, koleo ndilo lililokuwa mizani, na mtu mmoja ameshika mpira wa maji akiyaongeza ili zege litiririke lenyewe mpaka pembeni mwa mbao. Zege la maji mengi hujaza mbao upesi, na likikauka huwa laini na la kupendeza. Walakini maji yale ambayo saruji haikuyahitaji huondoka na kuacha vinyweleo vingi ndani, na nguvu iliyokusudiwa imepotea siku ileile, wala rangi wala lipu haitairudisha. Kisha humwagiliwa siku mbili likaachwa, ilhali lahitaji kulowana siku saba kwa uchache. Hapana ghiliba katika hayo. Kuna mtu mwenye ujuzi wa mikono, ambaye hakuna aliyetumwa na mji kumwambia neno moja.

Mpangilio huu wa maswali haukuzuka wenyewe. Amri ya ujenzi waliyoitoa Wadachi kwa ajili ya Dar es Salaam mwaka 1891 iliugawa mji sehemu mbalimbali, na kila sehemu ikapewa namna ya nyumba iliyoruhusiwa humo. Waingereza wakaurithi utaratibu huo na kuuendeleza kwa kanuni zao za miji, na watu wenyewe wakazipa sehemu hizo majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Shabaha kubwa ya kanuni hizo ilikuwa kuamua nani ajenge wapi na kwa vitu gani, ili makuti na udongo vikae mbali na mawe na vigae. Uimara wa nyumba ya Mwafrika haukuwa shughuli ya mtu yeyote serikalini. Uhuru uliuondoa ubaguzi wa rangi, jambo la kushukuriwa, lakini haukulihamisha swali la mahali kutoka mlangoni. Umebadilika mtu anayezuiwa, na sasa ni yule asiye na karatasi.

Nije sasa kwa mwenye karatasi, yule mustahiki, ambaye hati yake ni safi na ramani zake zimechorwa na msanifu aliyesajiliwa. Jalada lake huingia masjala, likatoka huko kwenda kwa afisa ardhi athibitishe milki, kisha kwa mipango miji, kisha kwa afya, kisha kwa zimamoto, kisha kwa mhandisi, na mwisho hungoja kikao. Kila meza ina uwezo wa kulirudisha, na hakuna meza yenye dhima ya kulifikisha. Hapo ndipo penye siri ya ucheleweshaji, ambayo watu wengi huifasiri kwa neno moja tu, rushwa. Rushwa ipo, na mwenye kuikana ni mwongo. Bali rushwa huota penye nafasi, na nafasi yenyewe ni hii, kwamba afisa akikataa haulizwi na mtu, na akikubali hulibeba jina lake mpaka kaburini. Mtu mwenye akili, akiwekwa mahali hapo, atatafuta kosa. Leo atarudisha jalada kwa sababu ngazi haikuonyeshwa upana wake. Likirudi limesahihishwa, ataliona shimo la maji machafu liko karibu na mpaka. Mara ya tatu ataidai ramani ya paa. Yote matatu yalikuwamo katika karatasi zile zile tangu siku ya kwanza.

Penye mlango mwembamba kama huo hawakosi kuwapo vishoka. Hawa hawana ofisi; hukaa nje ya jengo la halmashauri, au katika duka la kutolea nakala lililo karibu, na hujua ni nani aliye zamu, ni siku gani kikao kitakaa, na ni msanifu gani aliyezeeka ambaye muhuri wake hukodishwa. Naam, hukodishwa. Kijana aliyejifunza kuchora kwa kompyuta hutoa ramani ya nyumba ya ghorofa mbili kwa jioni moja, akaipeleka kwa mwenye muhuri, naye akaigonga bila ya kuifungua, na kuanzia hapo ramani ile ina shahada ya mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Afisa wa halmashauri hukagua kama muhuri upo, naye akiuona ameridhika, kwa maana kazi aliyopewa ni kuukagua muhuri. Nimepata kuletewa ramani ya namna hiyo ambayo nguzo za ghorofa ya juu hazikukutana na za chini, zimepishana kwa hatua nzima ya mtu, na juu yake umegongwa muhuri wa idhini, mwekundu, ulionyooka, pamoja na saini.

Kibali kikishatoka, jengo na mji huachana njia. Kwa mujibu wa taratibu wakaguzi wapasa kufika katika hatua zijulikanazo: mtaro wa msingi unapokuwa wazi, nondo zinapokuwa zimefungwa kabla ya zege kumwagwa, na kabla ya watu kuhamia. Siri yote ya uimara imo katika ile hatua ya kati, kwani zege likishamwagwa limefunika kila kitu, jema na baya. Mathalan, nguzo iliyoandikiwa nondo za milimita 16 ikafungwa kwa nondo za milimita 12, idadi ikiwa ileile, kwa jicho la mpita njia hakuna tofauti, na tajiri ameokoa fedha. Lakini ukihesabu eneo la chuma utakuta kimepungua kwa zaidi ya asilimia 43. Ringi zinazoifunga nguzo zikiachana mno, nondo hupinda nje mzigo unapozidi. Na nondo ikilala juu ya mbao pasipo kunyanyuliwa, zege la kuifunika huwa jembamba kama ganda, na katika mji wa pwani kama wetu hewa ya chumvi huifikia, kutu ikaivimbisha, na zege likapasuka kutoka ndani. Mambo haya huonekana kwa nusu saa ya kutembea juu ya mbao siku ya mkesha wa kumwaga. Siku ya pili hayaonekani tena mpaka jengo lianguke.

Na yameanguka. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka juu ya uwanja wa msikiti ulio jirani, wakafa watu 36. Iliripotiwa wakati ule kuwa ghorofa zilizoidhinishwa zilikuwa 10. Ikiwa ni hivyo, basi nguzo za chini zilitwishwa ghorofa sita zaidi ya hesabu yake, na ghorofa sita hazijengwi usiku. Zilipanda moja baada ya moja mbele ya watu wote, mahali ambapo mtu hutoka kwa miguu mpaka kwenye ofisi za mji. Jengo hilo lilikuwa na kibali. Nairobi nako, katika mtaa wa Huruma, jengo lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu takriban 50 halikuwa na kibali kabisa, na lilikuwa limekwisha tiwa alama ya kubomolewa. Moja lilikuwa na karatasi na la pili halikuwa nayo, nayo yamekutana mahali pamoja. Nami sijui hujja iliyo wazi kuliko hiyo ya kuonyesha kuwa karatasi peke yake si kinga.

Kariakoo yastahili kutazamwa peke yake. Viwanja vyake vilikatwa kwa mistari iliyonyooka kwa kadiri ya nyumba moja ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma; na juu ya viwanja vilevile leo husimama maghorofa yaliyogusana kuta, ambayo kila mwenye nalo ataka duka la chini ya ardhi, kwa kuwa mita moja ya mraba ya duka Kariakoo hulipa kuliko chumba kizima mahali pengine. Sasa, mzigo wa msingi haushuki wima kama kamba ya timazi. Hutanuka ndani ya mchanga kadiri unavyoshuka, mfano wa pindo la kanzu, na ukichimba ndani ya pindo hilo umeuondoa mchanga uliokuwa umelibeba jengo la jirani. Mchanga wa pwani hauna mshikamano, na ukikutana na maji ndio hukimbia kabisa. Mchimbaji mwangalifu huzuia kwanza kando kwa kuta za muda, huchimba kipande kwa kipande, na huweka alama kwenye ukuta wa jirani ili ajue kama unasogea. Asiye mwangalifu huleta mtambo usiku. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo wakati wafanyabiashara wako ndani, wakafa watu zaidi ya 20, na serikali ikaamuru majengo ya mtaa huo yakaguliwe. Ukaguzi ule ulikuwa wa lazima. Lakini kukagua jengo lililokwisha pakwa rangi, lenye maduka na marobota ya nguo mpaka darini, ni kazi ngumu mara kumi kuliko kuzitazama nondo kabla hazijafunikwa, tena huleta habari ambazo hakuna aliye tayari kuzitekeleza.

Watu wanaolizungumza jambo hili huwa na fikra tatu au nne ambazo sioni budi kuzipinga. Wako wasemao, kiwanja ni changu na nyumba ni yangu, mji una nini nami. Hao wasahau kuwa nyumba ikianguka haiangukii hati ya mwenyewe, na kwamba mwenye kuujenga ukuta wake juu ya mpaka amekwisha chukua hewa ya mwenzake kabla hajachukua kitu kingine. Wako wanaokiona kibali kuwa ni kodi, na katika hili wana udhuru, kwa sababu halmashauri zenyewe hukihesabu katika mapato, na afisa husifiwa kwa fedha zilizoingia, wala sijapata kusikia amesifiwa kwa misingi aliyoitembelea. Na wako waliotia matumaini yao yote katika mtandao. Mimi naupenda mfumo wa mtandao, kwani umempunguzia mwombaji safari na umempunguzia kishoka chakula. Ila nasema kuwa ukilichukua jalada lenye meza sita na kulitia katika kompyuta, umepata meza sita ndani ya kompyuta. Benki ya Dunia kwa miaka mingi ilizipanga nchi kwa kuhesabu hatua na siku za kupata kibali, mpaka ilipouacha mpango huo mwaka 2021 baada ya kugundulika dosari katika takwimu zake. Na serikali nyingi zilijifunza kutokana na jedwali lile kuwa wema wa kibali ni wepesi wake. Wepesi ni jambo jema kwa mwenye kujenga. Mpangaji wa chumba cha chini hupendezewa na kitu kingine.

Iko pia alama nyekundu ya X, ambayo kila mkaazi wa mji huu aijua, pamoja na maneno SIMAMISHA UJENZI yaliyoandikwa kwa brashi juu ya lipu mpya. Aghalabu alama hiyo hufika wakati nyumba imekwisha kupauliwa. Wakaazi wa bonde la Msimbazi, waliobomolewa mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, wengi wao walikuwa wamekaa pale miaka mingi, wamezaa na wamelipia umeme. Mji uliokuwa na nafasi ya kusema neno wakati tofali la kwanza linalazwa ulilisema wakati bati limekwisha chakaa. Sibishi kuwa bonde lile hufurika. Nabisha juu ya wakati, kwa maana katazo linalokuja mwanzo humgharimu mtu mtaro mmoja, na linalokuja mwisho humgharimu umri.

Basi tufanyeje? Kwanza, swali la milki litengwe na swali la uimara kwa nyumba zote zisizo na ghorofa. Mwenye barua ya mauziano aliyethibitishwa na mtaa wake, na ambaye hakujenga bondeni wala katika hifadhi ya barabara, apewe ruhusa ya ufundi isiyomthibitishia umiliki wa ardhi, na iandikwe hivyo waziwazi juu yake. Halmashauri iwe na ramani kadhaa zilizokwisha kupasishwa, za vyumba viwili, vitatu na vinne, zenye vipimo vya msingi na renta, mtu achague na kuondoka nayo siku ileile kwa ada ndogo. Hapo nakubali hata kanuni ya kwamba ukimya wa afisa kwa siku zilizowekwa uhesabiwe kuwa ni ridhaa. Kwa ghorofa sikubali kanuni hiyo hata kidogo, lakini nataka meza zote zilitazame jalada kwa wakati mmoja, na kasoro zote ziandikwe katika waraka mmoja, mara moja, na afisa ambaye hakuitaja kasoro katika waraka huo asiwe na haki ya kuizusha baadaye, isipokuwa ni ya hatari kwa maisha.

Pili, zege la ghorofa yoyote lisimwagwe mpaka mhandisi aliyetajwa kwa jina na kwa namba yake ya usajili azitazame nondo, apige picha, atie saini, na picha hizo ziwekwe katika jalada lile lile la kibali. Na vipande vya mchemraba vya zege la siku hiyo vivunjwe maabara baada ya siku saba na siku 28, matokeo yake yakiwa ndiyo ufunguo wa ghorofa inayofuata. Hili litaukomesha muhuri wa kukodi kuliko hotuba yoyote, kwani mzee anayekodisha muhuri wake kwa karatasi hatakubali kupanda ngazi za mbao kila wiki ili picha yake ipigwe. Bango lililoko mbele ya ujenzi, ambalo leo hutaja makandarasi na washauri, litaje pia kwa herufi kubwa idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, ili muuza kahawa wa mtaani apate kuhesabu. Na uchimbaji wa chini ya ardhi katika viwanja vilivyogusana uwe na kibali chake peke yake, kisichotolewa mpaka jirani wa kila upande apewe nakala ya mchoro wa kuzuia mchanga na nafasi ya kumleta mhandisi wake.

Nitaambiwa kuwa halmashauri hazina wakaguzi wa kutosha, na ni kweli. Lakini ada ya kibali huingia katika mfuko mkuu na kutoka humo kwa shughuli zote za mji, na sehemu yake inayorudi kwa mkaguzi mwenye pikipiki na futi ya mkononi ni haba. Baraza la madiwani lina uwezo wa kuamua kwa azimio moja kuwa ada hiyo itumike kwa ukaguzi kwanza, na kinachobaki ndicho kiende kwingine. Mkutano wa bajeti hukaa kila mwaka, na diwani wa kata yako ajulikana anakoishi.